Punda Aliyepanga Foleni ya Chanjo

Katika kambi nzima ya wafugaji kusini mwa mji wa Douz, ukingoni mwa jangwa, hakuna aliyethubutu kumwita Rim mbwa mbele ya Mzee Belgasem. Rim alikuwa slugi, ile mbegu bora ya mbio na mawindo: mwembamba kama upinde, macho ya bibi harusi, mwindaji wa sungura. Mbwa hulala nje wakiwabwekea ngamia. Slugi hulala hemani, juu ya zulia, na Rim alilala katikati ya Belgasem na mkewe Mbarka, tena blanketi lote lake. Belgasem aliapa kwamba siku moja Rim alimkimbiza sungura kwa kasi hata kivuli chake kikachelewa. Kilifika kambini kesho yake saa nne asubuhi, kinahema.

Basi ilipotangazwa kuwa daktari wa mifugo atakuja Jumanne kuchanja mbwa wote wasipate kichaa, Belgasem alijimiminia chai, akasema mbele za watu, "Mbwa wote. Vizuri sana. Sisi hatumo. Mniite mwanamke siku mtakayoniona kwenye foleni ya mbwa."

Mbarka alimngoja arudi hemani.

"Hatumo vipi?"

"Hatuna mbwa."

"Na yule mbweha aliyemng'ata mbuzi wa Larusi mchana kweupe, mate yanamtiririka, aliuliza kwanza ukoo wa mbuzi?"

"Rim atamshika huyo kabla hajapiga chafya."

"Ndicho ninachokiogopa, we mzee! Atamshika, watang'atana, halafu atarudi kulala wapi? Hapa." Akalipiga zulia kofi. "Na mimi ndiye ninayelala upande wa meno."

Mbuzi yule Belgasem alimwona akifa, anatafuna kamba yake mwenyewe. Lakini neno alishalitoa, na Larusi, jirani yake na mshindani wake tangu ujana, alikuwapo akilisikia.

Jumanne Daktari Hajer akaweka meza karibu na kisima. Foleni ikajipanga, watu na mbwa wao, wanaojikuna na wanaogombana. Belgasem akapita mara tatu, mikono nyuma, kama mtu aliyepotelewa na ngamia.

"Ami, unatafuta kitu?" daktari akamuuliza.

"Napunga upepo, binti yangu."

"Naambiwa una mbwa mzuri."

Foleni nzima ikageuza shingo. Larusi akajiziba mdomo kwa kilemba.

"Mimi sina mbwa. Nina slugi."

"Niwie radhi, ami. Basi mlete huyo slugi nimchanje."

"Nimlete pale? Nyuma ya lile godoro la kupe la Larusi?"

"Godoro langu limeshachanjwa!" Larusi akadakia, akimpapasa mbwa wake wa manjano. "Wako ana ukoo tu. Mbweha akija, msomee majina ya babu zake."

Watu wakacheka hadi mbwa wakabweka. Belgasem akamwinamia daktari. "Njoo hemani kwangu. Chai ipo, tende zipo."

"Ami, dawa inakaa kwenye barafu, na barafu inayeyuka. Nina kambi nyingine ya kwenda. Foleni ni hii moja. Saa sita nafunga sanduku, mpaka mwakani."

Belgasem akaenda zake, shingo juu. Alipofika hemani alimkuta Rim amesimama kwa nyuma, masikio wima, ananusa upande wa matuta. Mchangani palikuwa na nyayo mbichi za mbweha. Zililizunguka hema mara mbili, zikayumba huku na huku kama za mlevi, kisha zikaondoka.

Mzee akatazama jua: lilikuwa karibu utosini.

"Mbarka! Nitandikie punda!"

Tangu enzi za babu zao slugi hubebwa kwenye tandiko anapokwenda mawindoni, mchanga usimwunguze nyayo. Rim aliruka juu ya punda mara moja, akakaa kama binti wa sultani. Belgasem akashika kamba, akawakokota wote wawili hadi kisimani, akamsimamisha punda mkiani mwa foleni.

"Mzee!" Larusi akapaza sauti. "Si ulisema hutapanga foleni?"

"Nimepanga? Mimi nimesimama kando." Na kweli, alikuwa kando, hatua moja kamili.

"Na Rim?"

"Rim hajagusa ardhi."

"Sasa kwenye foleni yuko nani?"

"Punda. Mwulize mwenyewe kama ameona aibu."

Zamu ilipofika, daktari alipanda juu ya kreti ili amfikie Rim, barafu ikiwa imebaki kipande kama yai. Belgasem akageuka kutazama mawingu, na mbinguni hapakuwa na wingu hata moja. Sindano ikaingia. Rim akapiga miayo. Aliyelegea magoti alikuwa Belgasem. Larusi akamdaka kiwiko.

"Pole, mzee mwenzangu. Sindano ilikuwa ya Rim."

Daktari akampa Rim kidonge cha minyoo ndani ya tende. "Anakula nini huyu?"

"Maini ya kondoo, mabichi. Heshima yake, kabla sisi hatujala."

"Yenye vifuko vya maji?"

"Hayo hasa. Sisi hatuyataki."

"Usimpe tena, ami. Mle ndani mna minyoo. Inakua tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi chake, yanashika manyoya. Wewe unampapasa, halafu unamega mkate. Mwishowe vifuko hivyo vinaota kwenye ini lako. Ini lenye vifuko lifukie kwenye shimo refu. Lililo safi, lichemshe vizuri ndipo ale."

Uso wa Belgasem ukang'aa. Akamgeukia mkewe, aliyekuwa amefuata nyuma.

"Umesikia, Mbarka? Daktari ameamuru. Rim apikiwe!"

"Na wa kwangu?" Larusi akauliza.

"Wote," daktari akasema, akifunga sanduku.

Mbarka akawatazama wazee wale wawili, mmoja baada ya mwingine, akafunga kitambaa chake kiunoni.

"Haya. Sufuria ninalo. Maji ya kuchota na mashimo ya kuchimba ni yenu."

Belgasem akamkalisha Rim vizuri kwenye tandiko, akamuuliza Larusi kwa upole kama lile koleo lake la kuchimbia bado lina mpini.