Nani Atamshika Mama Mkono

Kilichowatoa jasho si gari, si chakula, wala si ruhusa ya kuingia mbugani. Gari lilikuwepo, Land Rover ya hoteli ya watalii ambayo Musyimi alikuwa akiiendesha, na meneja alikubali kumwazima siku ya Madaraka, maana wakati huo wageni huwa wachache kule Voi. Chakula mkewe Jedidah angekipika hata akiwa amefumba macho. Askari wa getini nao walikuwa marafiki wa kila siku. Kilichowatoa jasho ni mkono. Nani atamshika mama mkono akipanda mwamba?

Mama mwenyewe ni Mbithe, mamake Jedidah, mjane aliyeishi peke yake ng'ambo ya reli. Na Musyimi alikuwa mkwe wake. Kwa Wakamba wa rika lao, mtu na mama mkwe hawashikani mikono, hawali wakionana, na wakikutana njiani mmoja hujitia kuchungulia kichaka kana kwamba amepoteza mbuzi. Ni heshima, si chuki. Mchungaji alikwisha kusema mara mbili tatu kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, nao wote wawili wakaitikia amina, kila mmoja kutoka upande wake wa kanisa, kisha wakaendelea vilevile.

Mwamba uliotakiwa kupandwa watu wa Voi waliuita Kipara. Ni jiwe moja kubwa la mviringo lililochomoza katikati ya miti ya mbugani, halina hata jani moja kichwani, na jina hilo linalistahili kabisa. Watalii hupelekwa juu yake kutazama ndovu wakinywa maji upande wa chini. Wayua, binti wa Musyimi mwenye umri wa miaka minane, aliwahi kupelekwa na babake, na aliporudi alimsimulia nyanya yake, ambaye humwita susu, mpaka akakauka koo.

Mbithe alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akasema kwamba huko nyuma ya Kipara ndiko alikozaliwa. Boma la babake lilikuwa chini ya kilima chenye vichwa viwili, karibu na mto, na mamake alizikwa hapohapo. Tangu nchi ile igeuzwe mbuga ya wanyama, hakupata tena kuitia machoni.

"Nataka kupaona tu," alimwambia Jedidah. "Hata kwa mbali. Nikishapaona, sitawasumbua tena."

Mwanamke huyu hakuwa mtu wa kuomba. Hata chumvi alikuwa radhi aikose kuliko kugonga mlango wa jirani. Kwa hiyo Jedidah alipolifikisha ombi hilo kwa mumewe, Musyimi hakuuliza mara mbili. Gari halikuweza kufika kule nyuma, lakini juu ya Kipara pangeonekana. Wakaanza kupanga.

"Atakaa kiti cha nyuma kabisa, akitazama tulikotoka," alisema Musyimi.

"Na wewe?"

"Dereva hutazama wapi, mama Wayua?"

"Basi hicho kioo cha katikati kigeuze kitazame paa."

Wakacheka. Wakakubaliana pia juu ya sufuria mbili, moja ya kuliwa upande huu wa gari na nyingine upande ule. Wakakubaliana kwamba Wayua ndiye atakayepeleka maneno, ingawa wote wangekuwa wanasikiana vizuri tu. Kila kitu kilipata dawa yake, isipokuwa kidato cha mwamba.

Karibu na kilele, Kipara kimekatika wima, kimo cha kifua cha mtu mzima. Mtoto hulirukia jiwe hilo akajikokota, lakini mtu mzima asiye mwepesi lazima avutwe. Na kama kulikuwa na mtu aliyezoea kuvuta watu hapo, ni Musyimi. Alikwisha kuwavuta mabibi wa Kijerumani wenye uzito wa gunia la mahindi, wazee wenye kamera shingoni, hata padri mmoja aliyekuwa akicheka njia nzima. Aliwashika viganja, akawapandisha, wakamshukuru. Lakini mkono wa Mbithe haukuwa mkono wa kushikwa naye.

"Mimi na hili tumbo la miezi saba nitamvuta nani?" aliuliza Jedidah. "Nitavutwa mimi."

Ndipo alipokumbukwa Noah, kaka yake Jedidah, mkulima wa vitunguu kule Mboghoni. Mwana kumshika mamake hakuna aibu. Akapelekewa habari, akajibu kwamba atakuja na treni ya Taveta siku moja kabla. Nyumba nzima ikapumua.

Noah hakushuka kwenye treni ile. Aliyeshuka ni mchuuzi mmoja aliyebeba salamu zake: zamu yake ya maji ya mfereji imesogezwa, na akiikosa vitunguu vyote vitanyauka, basi wangojee wiki nyingine. Wiki nyingine! Kana kwamba Land Rover ilikuwa mbuzi wao, wa kufunguliwa kambani siku wanayotaka.

Asubuhi, walipofika ng'ambo ya reli kumwarifu Mbithe, walimkuta amekaa nje tayari. Alivaa gauni lake la kanisani na raba mpya, na pembeni ameweka kikapu chenye vibuyu viwili vya uji. Jedidah akamtazama mumewe. Musyimi akautazama usukani.

"Twende tu," akasema Jedidah. "Mungu atatuonyesha hukohuko."

Musyimi alijipa moyo kwamba hawatakosa mgeni yeyote juu ya mwamba, au askari wa mbuga, mtu yeyote mwenye mkono usio na undugu. Njiani hawakupishana na gari hata moja. Chini ya Kipara hapakuwa na mtu. Jedidah akabaki garini na sufuria zake, na wale watatu wakaanza kupanda, Musyimi mbele kabisa, kisha Wayua, kisha Mbithe, akiinama na kushika jiwe kwa viganja pale palipoinuka, bila kulalamika hata kidogo. Kila Musyimi aliposimama kumngojea, alisimama akiwa amempa mgongo.

Walifika kwenye kidato. Musyimi akaruka. Wayua akajikokota, akasimama juu akipepea gauni. Mbithe akaweka mikono kwenye ukingo, akajaribu mara moja, akateleza. Akajaribu tena. Musyimi alisikia raba mpya zikikwaruza jiwe nyuma yake, na viganja vyake vyote viwili vikaloa jasho.

Angegeuka tu. Angeinama, anyooshe mkono, jambo limekwisha, nani angewaona pale ila mtoto na kunguru? Lakini alimfikiria babu yake aliyemlea, akafikiria na haya ambayo mama huyu angebaki nayo kila wanapokutana, na miguu yake ikagoma.

"Wayua," alisema akitazama mbele, "mwambie susu nitashuka hadi garini nilete kamba."

Hapakuwa na haja ya kumwambia. Mbithe alikwisha kusikia.

"Mwambie babako asijisumbue," alijibu. "Hapa panatosha."

Kutoka pale alipokuwa haukuonekana mto wala kilima, ila jiwe na mbingu. Mbithe akakaa chini, akautegemeza mgongo wake kwenye kidato.

"Mwanangu," alimwita mjukuu wake, "waona nini huko?"

"Naona miti, susu."

"Hakuna kilima chenye vichwa viwili?"

Wayua akazungusha macho. "Vilima viko vingi. Sijui ni kipi."

"Na mto?"

"Naona miti tu, susu."

"Haya," alisema Mbithe. "Ni sawa."

Wakashuka. Walikula kila mtu upande wake wa gari, kama walivyopanga, na mipango yote ile mingine ilikwenda barabara. Mbithe alishukuru kwa heshima zote. Usiku ule Jedidah aliosha sufuria zote mbili, akaenda kulala, na mumewe angependelea agombezwe.

Walisema watarudi Noah akishavuna. Noah alivuna, mtoto akazaliwa, hoteli ikauza Land Rover ile na kumpa Musyimi basi dogo lisilotoka bila wageni. Walisema watarudi mwaka ujao. Musyimi aliendelea kuwapeleka wageni Kipara karibu kila wiki, na kila alipomvuta mtu kwenye kidato moyo ulimuuma, akageuza uso mgeni asimwone. Kilima chenye vichwa viwili alikijua, na siku ile hakumwelekeza mtoto. Kilionekana wazi kabisa, upande wa kushoto wa mto. Aliujutia mkono wake kama mtu anavyojutia neno baya alilolisema.

Ilipotimia miaka miwili, Mbithe alivimba miguu, akawa hawezi kupumua vizuri. Mchana mmoja Jedidah alituma mtu mbio hotelini, na Musyimi akaja na gari la kuazima. Alipofika ng'ambo ya reli alisimama nje, uso kwenye ua, kama alivyozoea, huku mkewe akihangaika ndani kumwinua mamake.

"Baba Wayua!" Jedidah alipiga kelele. "Mama anakufa, wewe unatazama ua!"

Musyimi aliingia. Alimkuta Mbithe nusu kitandani, nusu sakafuni. Akapiga magoti, akamtia mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti, akamwinua. Alikuwa mwepesi mno. Akatoka naye juani mbele ya majirani, na hakuna aliyeshika kichwa wala aliyeziba mdomo. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo aliacha kazi akaja kuwafungulia lango.

Mbithe hakurudi tena kutoka hospitali, lakini hilo walikuwa hawajalijua. Pale njiani, akibebwa kupelekwa garini, kichwa chake kilikuwa kimelala begani mwa mkwewe.

"Musyimi," alimwita kwa jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu amwoze binti yake. "Kumbe ni hivi tu."

"Ndiyo, mama. Ni hivi tu."

"Siku ile nilitaka kukuomba mkono. Nikaona haya."

Musyimi alitaka kumwambia kwamba hata yeye alitaka kumpa. Maneno yalimfika mdomoni, akayameza. Yangekuwa uongo. Siku ile, alipomsikia akisema panatosha, alishukuru.