Shamba Lisilo na Masharti

Dada yangu Wilma aliishi miaka mingi nje kidogo ya Little Rock, katika mtaa wa nyumba zinazofanana na wenye kamati ya wakazi isiyopitwa na jambo. Kuku marufuku. Kuanika nguo uani marufuku. Siku mwenyekiti, mama mmoja wa kofia pana, alipokuja kumwambia aondoe mashuka kwenye kamba, Wilma aliyaanua, akayakunja, akaingia ndani na kumwambia mumewe, "Dewey, tunahama."

Wakaanza kutafuta ardhi huku kwetu milimani, kaskazini mwa Arkansas, mradi isiwe na masharti. Dalali akawapeleka kwenye mteremko wenye msitu na kijito.

"Hapa mama, jenga unachotaka, fuga unachotaka," akasema. "Hata tembo."

"Tembo simtaki. Nataka kamba ya nguo."

Wakanunua. Wakawa wanalala kwenye trela lenye vitanda na jiko huku wakijiandaa kujenga kijumba cha magogo. Mwanzoni dada alikuwa akinipigia simu huku anaimba. Kisha upepo ukageuka.

Ng'ambo ya seng'enge mzee Orval Tackett alifuga nguruwe, na banda lao lilitazamana na mlango wa trela. Harufu ikaingia kwenye kahawa, kwenye mito, hadi kwenye nywele. Nilikuwa nimewatembelea asubuhi ile Wilma alipovaa mabuti na kupanda kwa Orval. Nikamfuata mbio, nikijua leo patachimbika.

"Bwana Tackett, haya manguruwe hayawezi kukaa hapa!"

Orval alikuwa barazani anamenya viazi. "Nani kasema?"

"Hairuhusiwi kufuga nguruwe mlangoni pa mtu!"

"Hairuhusiwi na nani, mama? Shamba lako halina masharti, langu pia halina. Si ndiyo maana umekuja?"

Wilma akajishika kichwa. Akanigeukia. "Mungu wangu, Nadine. Nimekuwa yule mama wa kofia!" Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Orval hakujua ni kofia gani, lakini naye akacheka.

"Sikia," akasema mzee. "Nguruwe nitawapeleka kule bondeni, wala si kazi. Ila na mimi nina ombi. Ule mtufaha ulioko kwenu, karibu na kijito, aliupanda marehemu mke wangu kabla ya kuwekwa seng'enge. Tafadhali msiukate."

Kabla Wilma hajajibu, tukausikia msumeno wa mashine unanguruma kule chini. Dewey alikuwa anasafisha kiwanja.

Sijapata kuona watu wa umri ule wakikimbia namna ile. Orval alitupita sote, kisu cha viazi bado mkononi. Tulipiga kelele, lakini Dewey alikuwa kaziba masikio, na msumeno ulikwisha kuanza kutafuna gome. Wilma akavua buti, akalirusha. Likampata Dewey mgongoni sawasawa. Akazima mashine, akageuka akidhani ni dubu.

"Buti la nini tena?"

"Huo mti una mwenyewe!"

Orval akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye jeraha la mti. "Utapona," akasema. Dewey alipoelezwa, akavua glavu, akampa mkono.

"Nisamehe, mzee mwenzangu. Nyumba itasogea."

Ikasogea kweli, ikapanda juu kidogo. Orval ndiye aliyevuta magogo kwa trekta lake, na hakunyamaza hata siku moja.

"Dewey, ukuta wako umelewa!"

"Uache ulewe. Uko nyumbani kwake."

Majani yalipoanza kuwa mekundu, nyumba ilikuwa na sakafu na kuta tu. Wilma hakutaka kungoja paa. Akatualika mchana wa Jumapili, akatandika meza katikati ya sebule, akapakua maharage, mbavu za kuchoma na mkate wa mahindi. Mvua ikaanza kudondoka kwenye sahani. Tukatazamana.

"Orval," akasema dada, "pitisha mkate kabla haujalowa."

Tukaendelea kula.