Bolti ya Nne

...na hii ndiyo ya mwisho, tatu za kwanza zimetoka kama zimepakwa samli, hazikunionea huruma hata kidogo, na sasa spana yangu imeshika kichwa cha bolti juu ya bamba na spana yake imeshika nati chini ya bamba, maana hizi hazifunguliwi na mtu mmoja, ukizungusha peke yako nati nayo inazunguka, mtazunguka pamoja mpaka kesho, ndiyo maana mke wangu amechuchumaa upande ule wa pikipiki na gauni lake la safari, pindo amelikunja magotini lisiguse oili, imekwama? anauliza, nami nasema kutu, kutu ya wapi, bolti hii niliipaka grisi mwenyewe, vidole viwili vingeitoa, lakini ikitoka hii injini inatoka, na injini ikitoka inapanda pikapu, naye anapanda nayo... dereva ameshapiga honi mara mbili, anasema kitu kuhusu jua, apige tu, pikapu imebeba sanduku lake la nguo, ndoo mbili, godoro dogo, na cherehani, hiyo cherehani ndiyo iliyonimaliza, mtu anayekwenda kumuuguza mama yake wiki mbili habebi cherehani, nimemuuliza asubuhi utarudi lini, akasema tutaona Mama akipona, na daktari ametuambia wazi kwamba nyonga iliyovunjika katika umri ule haiungi vizuri, kwa hiyo ameshanijibu, mimi ndiye sitaki kusikia.

Injini ni ya mama mkwe, hilo silikatai, ilikuwa ya pampu, ikivuta maji kisimani kwake na kuyasukuma kwenye bustani ya mboga, mashine ndogo nyekundu, unavuta kamba mara moja inaitikia, na mimi nilikuwa na fremu ya baiskeli niliyoiongeza vyuma, nina mnyororo, nina tangi nililolichomelea mwenyewe, nimekosa moyo tu wa kuutia ndani, nikamwendea, nipe wiki mbili Mama, nijaribu, akasema chukua mwanangu, mvua bado ipo, akanisaidia hata kuifuta vumbi... wiki mbili. Nilisema ni kwa ajili ya binti yake, asitembee tena saa nzima kwenda kushona, na yeye akaamini, wote wakaamini, nikaamini na mimi. Ikafika siku ya kuijaribu, mke wangu akakaa nyuma amenishika kiuno, nikavuta kamba, nikatia moto, na kitu kile kikaondoka kinyumenyume, ndiyo, kinyumenyume, nilikuwa nimeigeuza injini ili shafti ielekee upande wa mnyororo, sikufikiri kwamba ukiigeuza injini na mzunguko wake unageuka, fundi mzima, tukapita chini ya kamba ya kuanikia nguo tukiwa tumefunikwa shuka moja vichwa vyote viwili, tukaishia kwenye ua wa jirani, na jirani akatoka taratibu akauliza, sasa ndugu yangu, unakwenda kazini au ndiyo unarudi? Mke wangu alicheka akakaa chini, alicheka mpaka akalia, ana kicheko cha kukwaruza yule, sijakisikia tena tangu miezi... jaribu tena, anasema kutoka chini, sauti haina hasira, ingekuwa na hasira ningejua pa kuishika, nasema ngoja nipate mshiko mzuri, nakaza mkono mpaka mishipa inatoka na spana haisogei kwa sababu siisogezi.

Siku ile ningeirudisha. Wiki mbili zilikuwa zimekwisha, tulikuwa tumecheka, ilitosha, lakini jirani alikuwa ameshauliza swali lake na mtaa mzima ulikuwa ukilirudia, wakanibatiza Kinyumenyume, dukani Kinyumenyume, nikakata mabamba yote nikaanza upya, wiki ikawa mwezi na mwezi ukawa mitano, mvua ikakatika, na mama mkwe hakudai, alikuwa anashusha ndoo kisimani kwa kamba, anavuta kwa mikono, anabeba mpaka kwenye mistari ya mboga, nani aliniambia, binti yake aliniambia, mara tatu, nikasema Jumamosi, kila mara Jumamosi. Na siku aliyoteleza na ndoo yake pale kwenye mawe ya kisima ndiyo siku ambayo pikipiki ilikwenda mbele, nilifika nayo mpaka barabara kuu na kurudi, peke yangu, nikipiga kelele kama mwendawazimu, tazameni, inakwenda, na simu mfukoni inaita, inaita, injini ina mlio mkubwa, niliposhuka nikakuta simu tisa za mke wangu. Tisa. Alihitaji mtu wa kumsaidia kumbeba mama yake, na huo ulikuwa mwendo wangu wa ushindi. Tangu ianze kwenda mbele hakuwahi kuipanda hata mara moja, yeye niliyesema namtengenezea kiti... asinidanganye mtu, nilikuwa namtengenezea jirani yule, nilitaka afunge mdomo.

Honi tena. Sasa nauhisi mkono wake, chuma hakifichi kitu, anatetemeka kidogo kwa kuchuchumaa na mtetemo unapanda kwenye nati unapita kwenye bolti unanifikia kiganjani, na kama mimi nauhisi wake basi na yeye anauhisi wangu, miezi mitano amenishikia nati hizi jioni akitoka kushona, anajua bolti iliyokwama ilivyo na anajua mkono usiovuta ulivyo, anajua tangu mwanzo, Mungu wangu, na amekaa pale ameshika, pengine na yeye hataki itoke, pengine nikikaa hivi hivi mpaka dereva achoke... "Mama anakusalimu," anasema, "amesema kama hujamaliza kuijaribu nikuachie, nisikukatishe." Hanitazami, anasema akiitazama nati. Yule mama amelala chali, maji ya kunywa anaombewa kwa watu na kisima chake kiko mlangoni, na bado ananiongezea siku. Na binti yake naye yuko hapa, magoti yanamuuma, ananingoja kama mama yake alivyoningoja, na mimi nimeanza kuhesabu hata huku kuningoja kwake kuwa ni mapenzi, kitu kingine cha kuazima, nikichukue na chenyewe, nikae nacho, nikirudishe Jumamosi. Nampenda mke wangu. Nilipaswa kulisema siku za ndoo, leo likitoka litakuwa kamba nyingine ya kumfungia hapa, kwa hiyo nafuta kiganja kwenye suruali, naishika spana upya.

"Shika vizuri huko chini," namwambia, "inaanza kulegea," na bado sijaizungusha.