Namba Arobaini na Moja

...na huyo thelathini na tisa ametoka, mtoto begani na karatasi mdomoni kama paka aliyekamata panya, anacheka, basi kapata ile yenyewe, na nesi Clarisse ametoa kichwa mlangoni anaita arobaini, arobaini yuko wapi, jamani msilale, na mimi nimekaa hapa kwenye benchi chini ya bati la kituo cha afya, kadi yangu mkononi, arobaini na moja, na pembeni yangu Talato na kadi yake, arobaini na mbili, anamenya karanga, maganda anayaangushia viatu vyangu makusudi, viatu vipya vya ngozi, mimi Narcisse Toé sivai ndala siku ya sayansi, na siku nyingine ningekuwa nimeshamwambia kwamba kazi ya Mmosi ni kumenya karanga za bwana wake, si kuzila, na benchi zima lingeanguka kwa kicheko, maana kijiji hiki hakina mdomo kama wangu, hilo wanalijua hadi sokoni mjini Yako, lakini leo ulimi umelala tu humo ndani kama mbwa mgonjwa... mbwa tena, sitaki kufikiria mbwa.

"Mla mbwa," anasema Talato bila kunitazama, "leo umemeza kichwa kizima kimekukwama?" na akina mama wa benchi la nyuma wanacheka, wanageuza shingo wasikie nitajibu nini, maana ndivyo ilivyo, mimi Msamo, yeye Mmosi, makabila mawili ya watani tangu babu zetu walipogombea kichwa cha mbwa kwenye chungu kimoja, yeye ananiita mtumwa wake, mimi namwita mtumwa wangu, mwaka wa saba huu, hatujawahi kusalimiana kama watu wenye akili, na mimi najibu, "Nasubiri unipikie supu yake," jibu la hovyo, la mtoto wa darasa la pili, na Talato ananitazama sasa, ananitazama vizuri, kisha anamwinamia binti yangu Edwige aliyejibandika kwenye magoti yake, anamtia karanga mdomoni, moja, nyingine, "kula, kambwa kangu, baba yako leo hana hata neno la kukulisha," na Edwige anatafuna, mashavu yamejaa, miaka mitatu na nusu, miguu minene, hajawahi kulala hospitali hata usiku mmoja, hajawahi, mungu wangu, hata usiku mmoja.

Ninajua kilichoandikwa mle ndani. Hilo ndilo lililonikausha. Jana nilibeba makasha ya karatasi kutoka kwenye gari hadi ofisini kwa Dokta Nikiéma, nani mwingine abebe, mimi ndiye mwenye mgongo, mimi ndiye mwenye pikipiki, miaka mitatu sanduku la barafu la chanjo limepanda nyuma yangu kama bibi harusi, hakuna mwingine aliyevuka na sanduku hilo bwawa likiwa limefurika bila tone kuingia, na daftari lilikuwa wazi mezani, Dokta ametoka kuongea na simu, na mimi macho yangu hayana adabu, shule niliacha darasa la tano, mwalimu alisema kichwa changu kinafaa kusagia mtama, lakini namba nazijua, na yale majina mawili ya chanjo nayajua hata gizani, miaka mitatu yamebandikwa ukutani kituoni, nikashusha kidole, thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini, arobaini na moja: malaria. Arobaini na mbili: kichaa cha mbwa. Nikarudia. Nikafuta kidole kwenye suruali kama kimechafuka, nikarudia tena, na maneno hayakuhama.

Maana Dokta alieleza siku ile ya kwanza, hapahapa chini ya bati, na mimi ndiye niliyetafsiri kwa Kimosi nikaongeza chumvi yangu, alisema watoto nusu watapata chanjo mpya ya malaria, nusu watapata chanjo ya kichaa cha mbwa, nayo ni chanjo nzuri, hatuchomi mtoto maji matupu, na hakuna atakayejua nani kapata ipi, si mimi, si nesi, si mama, kompyuta ya mbali imeshapanga namba zote, atakayesimama kwanza atachukua namba ya kwanza, wa pili ya pili, kisha tutakaa tusubiri tuone nani anaugua, mwisho wake kila mzazi ataitwa aambiwe mwanawe alipata ipi, na mzee mmoja akauliza mbona msiwape wote ile mpya, Dokta akasema kwa sababu hatujui kama inafanya kazi, ndiyo tunatafuta, na mimi nikatafsiri kwamba Dokta anasema acheni uchoyo, na watu wakacheka, wakapanga foleni, nilikuwa fundi wa kuwachekesha watu mpaka wanapanga foleni.

Na Talato alikuwa mbele yangu. Mbele yangu kabisa, Wendyam mgongoni, miezi kumi, kichwa kinayumba kwa usingizi, alikuwa ametoka kwa miguu huko mashamba ya bwawani tangu alfajiri, na mimi nimefika jua limeshapanda, nimejipaka mafuta, Edwige mkononi kwenye gauni la kwenda misani, Solange mke wangu alilipiga pasi, na nikaona mgongo wa Mmosi mbele yangu, nifanye nini, ningenyamaza vipi, watu wote wananitazama, nikasema, "Wewe mtumwa, tangu lini mtumwa akamtangulia bwana wake? Sogea Msamo apite," na yeye akashika kiuno, akasema, "Pita, mla mbwa, pita usije ukaning'ata," akasogea hatua moja, hatua moja tu, akaniachia nafasi, watu wakaangua kicheko, Dokta mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani kuifuta, na Clarisse anacheka huku anaandika, arobaini na moja, Toé Edwige, arobaini na mbili, Sawadogo Wendyam... mtu wa kabila lingine asingefanya hivyo, Mfaransa asingefanya, hata Mmosi kwa Mmosi mwenzake asingethubutu, angekaa nyuma kama mtu aliyechelewa, ni sisi tu, sisi na utani wetu, hatua moja, haifiki hata urefu wa mkono wangu.

"Arobaini huyo anachelewa," anasema Talato, "labda wanamsomea hadi Jumapili," na mimi nasema mm, na yeye anasema, "Mm? Mm ni neno la Kisamo siku hizi?" na mimi namtazama Edwige nisimtazame yeye, halafu namtazama Edwige inakuwa vibaya zaidi.

Ilikuwa mvua za mwaka wa pili wa chanjo, Septemba, alfajiri, mume wake yuko machimboni, alikuja anapiga mlango wangu kwa mikono miwili, hakuniita mtumwa, hapo ndipo nilipojua, Wendyam anachemka kama jiko, macho yamegeuka, degedege, nikawasha pikipiki nikiwa na suruali tu, yeye nyuma, mtoto katikati yetu, nasikia joto lake mgongoni kupita kwenye kitambaa, na njia nzima nilikuwa namtania, mungu wangu, sikujua kitu kingine cha kumpa, wewe mtumwa mdogo usilale, hujanifulia nguo, hujanilimia, nani atakupa ruhusa ya kuondoka, na kwenye kivuko maji yakaingia kwenye bomba la moshi, pikipiki ikafa, ile pikipiki yangu isiyokufa, nikambeba mabegani maji kifuani, tukafika, Clarisse akatafuta mshipa, akatafuta, akaupata, na jua la adhuhuri lilipofika kwenye kizingiti cha mlango ikawa basi. Basi. Na kesho yake nikatimiza wajibu wa mtani, kwa mtoto mdogo vile watu huwa hawafanyi, wanazika kimyakimya, lakini nilimwona Talato ameganda kama gogo, halii, hali, nikalala chali mlangoni kwa boma lao, nikasema mtumwa wangu huyu haendi popote, ana kazi zangu, nipeni kwanza kibuyu cha pombe ya mtama ndiyo niwapishe, wakaniburuta miguu, nikashika mlango, nikang'ata mguu wa shemeji yake, na Talato akacheka, mara moja, kama mtu aliyechomwa mwiba, kisha akalia, akalia hasa, na wazee wakanishika mkono wakasema wewe ni mtani kweli, na nikajisifu. Wiki nzima nilijisifu. Na jioni ile nikamwambia, "Mtumwa wangu, watoto wetu walichanjwa pamoja, hata wangu angeweza kwenda, ni Mungu," na akaitikia kwa kichwa. Akaamini. Amekuwa akiamini hilo hadi saa hii anapomenya karanga.

Na chanjo inafanya kazi. Hiyo ndiyo habari, wiki iliyopita redio ilisema, huko kwa wakubwa watu wamekumbatiana, ugunduzi utakaobadilisha maisha ya watoto wa dunia, na mimi nikaruka juu, nikawasha pikipiki bila safari, nikazunguka kijiji napiga honi, nikiwaambia watu kwamba sayansi ya dunia imepita juu ya kiti hiki, shikeni kiti hiki, na ni kweli, sikatai, kuna watoto ambao hawajatungwa hata mimba hawatajua degedege ni nini, kuna mama huko nisikokujua atalala usiku wa Septemba miguu imenyooka. Dokta alituchorea ubaoni, kijiti kifupi na kijiti kirefu, kifupi ndio walioumwa wakiwa na chanjo mpya, kirefu ndio walioumwa bila, angalieni tofauti, alisema, tofauti hii ndiyo ugunduzi, na wote tukapiga makofi, mimi wa kwanza, na Wendyam yuko kwenye kile kirefu, yumo mle ndani ya chaki, karibu na juu, bila yeye kile kijiti kingekuwa kifupi kidogo, bila yeye wasingejua vizuri hivi wanavyojua, na mama yake alikuwa amesimama pembeni yangu anapiga makofi na karanga mkononi.

Najiambia ni kompyuta. Najiambia kama si mimi ni upepo, angechelewa kufunga kitenge, angejikwaa, namba ingehama vilevile. Najiambia nirudi siku ile, nisimame nyuma yake kimya kama mtu wa kanisani, nimwache apite, halafu nafika hapo nakwama, maana nikimwacha apite, huyu mwenye mashavu ya karanga ndiye anachemka mgongoni mwangu kivukoni, na moyo wangu unasema hapana, upesi, bila aibu, kabla sijauliza unasema hapana, ningemwambia sogea tena, ningemwambia mara mia. Nani atanisamehe hilo. Nitamwomba nani.

Na yeye atajua. Ataingia, Dokta atamwambia kwa sauti ile ya pole, mtoto wako alipata chanjo ya kichaa cha mbwa, na Talato si mjinga, Talato anakumbuka nani alikula paja la kuku kwenye harusi ya miaka kumi iliyopita, atakumbuka mkono wake kiunoni, atakumbuka hatua moja, atatoka pale mlangoni na macho yake yatakuja moja kwa moja kwangu, na hataweza kufanya kitu, hapo ndipo panaponiua, mtani hakasirikiwi, ndiyo sheria yenyewe, mtani akikuibia kuku unacheka, akikutukania mama unacheka, akilala mlangoni kwa maiti ya mwanao unampa kibuyu, na mimi nimejificha humo miaka saba kama kunguni kwenye godoro, nimesema lolote, nimechukua lolote, nafasi yake nimeichukua, na yeye atasimama mbele yangu na hiyo karatasi, na watu wanamtazama, na atatakiwa atafute mzaha. Atautafuta. Namjua. Atasema kitu kuhusu mbwa. Atachekesha benchi zima ili mimi nisione aibu, kisha ataenda nyumbani peke yake, na ule moto ataumeza wote, hadi siku atakayozikwa, kwa sababu ya babu zangu na babu zake na chungu chao.

Nataka anipige. Nataka anivue hivi viatu anipige navyo mbele ya watu.

Arobaini anatoka, karatasi ameikunja kiganjani, anatazama chini, basi huyu alipata ya mbwa, lakini mwanawe anakimbia mbele yake mzima, atachomwa ile mpya leoleo, wote waliokosa watachomwa leo, wote walio hai, na Talato anakung'uta maganda kwenye kitenge, anamwinua Edwige, anamsogeza kwangu, anatabasamu lile tabasamu la upande, "Haya, nenda wewe, mla mbwa, si ndiye unayetangulia siku zote," na benchi la nyuma limeshaanza kucheka kabla sijafungua mdomo, wananisubiri, jibu liko palepale kwenye ulimi, tamu, kali, la kuwaangusha chini, nalihisi, na ninalimeza, linashuka kama jiwe, na nasema taratibu, jina ambalo sijawahi kumwita, ambalo hakuna anayemwita tangu Septemba ile, "Mama Wendyam," nasema.

Kicheko cha nyuma kinakatika. Mkono wake umebaki hewani na karanga moja.

"Unasemaje?" anasema, na si sauti ya mtani, ni sauti ya mtu, mara ya kwanza naisikia tangu alipogonga mlango wangu kwa mikono miwili, na nesi Clarisse ametoa kichwa nje, anaita arobaini na moja, arobaini na moja yuko wapi, na mimi bado nimekaa, Edwige ananivuta kidole, Talato ananitazama, hacheki...