Wilaya Kumi na Moja za Lüneburg

Nimesuka nywele Troyeville, hapa Johannesburg, miaka kumi na minane, na bado hakuna kichwa ninachokijua kama mkoa wa Lüneburg, Ujerumani, mahali nisipowahi kukanyaga. Ninagawa nywele za mteja mafungu kumi na moja huku nikitaja wilaya za mkoa huo: Celle, Uelzen, Stade, Cuxhaven... Mteja akiuliza, "Mama Jocelyne, unasali?" ninamwambia anyamaze, asitingishe kichwa.

Ni kwa ajili ya kaka yangu Gaston. Vita vilitutawanya kwetu Kalemie, Kongo, mwaka 1998. Mwaka 2002 barua yake ilitufikia kwa mapadri Lubumbashi, mimi na mama. Aliandika kwamba yuko Uelzen, katika mkoa wa Lüneburg. "Kama mko hai, nijibuni."

Nilijibu siku ileile, nikapeleka Lüneburg. Kwetu Kongo nani anahangaika na kamji kadogo? Karatasi inaenda chef-lieu, makao makuu ya mkoa, na wakubwa wanaishusha. Hata anwani yake ya Uelzen sikuiandika. Niliandika jina lake tu, kwa herufi kubwa, kwa heshima.

Kimya. Tukahamia Johannesburg, nikaandika tena, na tena. Kwenye Facebook akina Gaston wamejaa, wetu hayumo. Mama sasa ana miaka themanini na mbili, moyo umechoka, na kila asubuhi anauliza, "Lüneburg wamesema nini?" Hataki kufa kabla hajajua kama mwanawe yu hai.

Nilizoea kuiota Lüneburg. Ninatembea kwenye nyanda za maua ya zambarau, miguu haigusi chini, ninavuka wilaya moja hadi nyingine bila kizuizi wala askari. Kila ninayemwuliza chef-lieu iko wapi ananionyesha mbele, kwa upole, na mbele kuna maua tu. Ninaamka mashavu yamelowa.

Mwaka huu nilikwenda Fordsburg kununua rasta. Muuzaji, Burhani, mtu wa Tanga mwenye maneno, aliwahi kuongoza watalii wa Kijerumani. Nikamweleza habari za Gaston na barua yake ya Uelzen, nikamwonyesha bahasha niliyotaka kutuma makao makuu ya mkoa wa Lüneburg. Akacheka hadi akashika kaunta.

"Dada Jocelyne, unamwandikia marehemu! Mkoa huu ulianza enzi za Prussia, mwaka 1978 ukaunganishwa na Stade, na mwisho wa 2004 ukafutwa. Wilaya zimebaki, mkoa haupo."

"Haupo vipi? Ardhi imekwenda wapi?"

"Ardhi ipo palepale."

Eish! Niliwaka. Halafu nikakumbuka Katanga yetu, ilivyokatwa vipande vinne mwaka 2015. Kalemie yangu ikalala Katanga, ikaamka mkoa wa Tanganyika, haikusogea hata hatua. Nikakaa juu ya gunia la rasta.

"Hata ungekuwepo," Burhani akasema, sasa kwa sauti ya chini, "kule mtu anaandikishwa kwenye mji anaoishi. Uelzen ndiko wanakomjua. Ungeandika Uelzen tu, dada yangu."

Aliniandikia mwenyewe barua kwa Kijerumani, ya kwenda ofisi ya mji wa Uelzen. Majibu yalikuja baada ya wiki sita: Gaston yupo, mtaa uleule aliotuandikia mwaka 2002. Nikamtumia namba yangu. Jumapili moja mchana, simu ikalia.

"Nani anatumia jina la dada yangu?" Sauti kavu, Kiswahili kimepata kutu.

"Mimi Jocelyne, wewe mjinga!"

"Jocelyne alikufa. Niliandika, nikangoja mwaka mzima. Hakuna aliyejibu. Nikafanya matanga yake na ya mama. Wakongo wa hapa wote walikuja kulala chini, siku tatu. Kila mwaka ninawaombea misa."

Miaka zaidi ya ishirini kaka yangu ametuzika kwa sababu mimi nilitaka kupitia kwa wakubwa. Nilijiona mchawi. "Nilijibu, yaya, kaka yangu. Nilipeleka chef-lieu. Nisamehe. Nilipeleka chef-lieu."

Nilisikia pumzi yake ikikatika, kisha akaanza kulia kama mtoto, na mimi nikalia naye.

Mama aliinuka kitandani bila kushikwa, akaninyang'anya simu.

"Lia, papa, mwanangu," akamwambia. "Lia tu. Safari hii unalilia watu walio hai."