Uduvi wa Munanila

Kwa miaka yote ambayo Reverien alikuwa mkwe wake, Mama Claudine hakuwahi kumtazama usoni. Si kwa chuki. Kwao Munanila, katika nyumba aliyozaliwa na ile aliyoolewa, mama mkwe na mkwe hawatazamani, hawali pamoja wala hawasemezani ana kwa ana; lenye kusemwa hupitia kwa binti. Majirani wengi walishaiacha desturi hiyo, na wengine walimcheka kwamba bado anaishi enzi za bibi yake. Yeye alishikilia hapo hapo. Reverien naye, mtu mwenye adabu zake, alipokwenda ukweni alikaa nje kwenye benchi, karibu na vichanja vya kuanikia kahawa, chakula akiletewa na mkewe, mpaka siku ya kuondoka.

Ni kwenye benchi hilo alipoanza kumtia mama mkwe wake aibu. Mwanamume mzima, fundi wa madirisha ya aluminiamu huko Kasulu mjini, alichoka kukaa bure, akateremka kijitoni na chujio la chai, akarudi na chupa ya maji yenye uduvi. Wadogo hao, hata kwa kitoweo hawatoshi. Mama Claudine aliwaona wanawake wenzake wakitazamana, akaingia jikoni na kujifanya anachochea moto. Alisema moyoni kwamba binti yake ameolewa na mtoto.

Sasa goti lilikuwa limemleta Kasulu. Mtaalamu wa mazoezi alimtaka hospitalini kila wiki, na kwenda na kurudi Munanila kwa goti lile kulikuwa kujitesa, kwa hiyo akahamia kwa bintiye kwa muda. Aliwasili na ndoo yake ya shambani imejaa parachichi na ndizi za kupika, akapewa kiti sebuleni. Claudine alishinda sokoni kwenye duka lake la vitenge, Reverien alishinda kwenye madirisha ya watu. Mwanamke aliyelima tangu alipopata akili akabaki anatazama ukuta. Na kwenye ukuta huo, juu ya meza ya mbao, kilikuwapo kisanduku cha kioo.

Kilikuwa na ukubwa wa kreti ya soda. Reverien alikiunga mwenyewe kwa vipande vilivyobaki kwenye kazi za madirisha, na pembe zake zilikutana sawasawa hata ukipitisha kidole huoni pa kukwama. Jioni moja alianza kukijaza. Mama Claudine aligeuzia kiti chake dirishani kama ilivyompasa, lakini jicho la pembeni lilikataa kufuata desturi.

Alimwona akitandaza udongo mweusi wa bondeni, kisha akiufunika kwa mchanga alioosha mpaka maji yake yakatoka safi. Alipanda mimea ya kijitoni shina kwa shina, akitumia kibano cha nyusi alichomwibia mkewe. Alisimamisha kipande cha mzizi mkavu na kukifungia kwa uzi yale majani laini kama manyoya yanayoota kwenye mawe ya majini. Mwishowe aliweka kisosi juu ya mchanga, akamimina maji ya mvua juu ya kisosi hicho, kidogo kidogo, ili udongo usitibuke. Mama Claudine alikuwa amepanda miche ya kahawa maisha yake yote. Mkono unaojua kupanda aliutambua mara moja, na alichukia kuutambua kwa mtu aliyekwisha kumhukumu.

Halafu hakikufuata kitu. Kioo kilikaa hivyo wiki baada ya wiki, maji na majani tu. Alimuuliza Claudine kama siku hizi mumewe anafuga maji. Claudine alicheka, akalipeleka swali, akarudi na jibu: maji mapya yana ukali, sharti yakomae kwanza ndipo uduvi waingie, na hakuna dawa ya kuyakomaza upesi. Uduvi wenyewe walikuwa wakisubiri kwenye beseni uani, watoto na wajukuu wa wale wa kijito cha Munanila. Tena sabuni isikaribie pale, sabuni inawaua.

Siku walipotiwa, Mama Claudine alikigeuza kiti na hakukirudisha tena dirishani.

Hakuwa amejua kwamba kitu kidogo vile kinaweza kuwa na shughuli nyingi vile. Uduvi walipitisha mwanga, hata chakula ulikiona kikishuka tumboni. Mikono yao ilichuma majani bila kupumzika, kushoto, kulia, mdomoni, kama wanawake kwenye shamba la kahawa iliyoiva. Walikula jani kavu la mpera wakaliacha mishipa mitupu. Jike mmoja alibeba mayai chini ya tumbo na kuyapepea kwa miguu mchana kutwa. Siku moja alimkuta mwingine amelala mfu mchangani, akasikitika, kumbe ni ganda tu. Mwenyewe alikuwa nyuma ya mzizi, mpya kabisa, anajificha mpaka mwili ukakamae. Mimea nayo ilitoa vipovu vidogo taa ikiwaka. Alijikuta anasahau goti.

Jioni Reverien alichuchumaa upande wa pili wa meza kuwatazama, na ndipo Mama Claudine alipouona uso wake kwa mara ya kwanza, ukipita kwenye maji na majani. Ulikuwa uso wa mtu mpole, una kovu dogo kidevuni. Alishusha macho haraka, lakini hakuuondoa moyoni. Mtu anayeweza kumsubiri mdudu mwezi mzima, aliwaza, hawezi kumtupa mke kwa sababu ya hasira ya siku moja. Aliona haya kwamba ilimchukua muda mrefu hivyo kumpa binti yake heko.

Kulikuwa na jambo jingine pia. Alipokuwa msichana akichota maji kijitoni, Mama Claudine alizoea uduvi wakimtekenya vidole vya miguu. Sasa hawakuwapo. Reverien alikuwa ameteremka na chujio lake mara nyingi tangu siku ile ya kwanza, akarudi mikono mitupu. Hakuna aliyejua waliondoka lini. Waliosalia walikuwa hawa wa kwenye kioo, na wachache ambao Reverien alimpelekea rafiki yake Niyonzima, fundi cherehani wa Kibondo.

Ikatokea Reverien akapata kazi ya siku kadhaa Buhigwe. Jua lilikuwa kali, maji ya kioo yakapungua mpaka mzizi ukatoa kichwa nje. Mama Claudine alikuwa amemwona mkwe akiongeza maji ya mvua kila yanapopungua. Alitaka kusaidia, na alitaka kusaidia vizuri. Ndoo za humu ndani zote zilishafuliwa nguo, na sabuni alishaonywa. Akachukua ndoo yake mwenyewe ya shambani, akaisugua kwa majivu na maji matupu, akaiweka chini ya bati mvua iliponyesha, akamimina juu ya kisosi, kidogo kidogo, kama alivyoona.

Asubuhi walikuwa wamelala mchangani, wamegeuka rangi ya waridi. Safari hii hayakuwa maganda.

Reverien aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye kioo. Aliwatoa mmoja mmoja kwa kijiko. Mama Claudine, chumbani na mlango wazi, alimsikia akimwambia Claudine kwamba kosa ni lake, labda gundi ya vioo, labda udongo, na kwamba alijidanganya kudhani anajua asichokijua. Yeye ni fundi wa madirisha, basi abaki na madirisha. Jumapili angekivunja kioo. Claudine aliuliza ni nini kingine kinachoua uduvi, mbali na sabuni. Dawa ya mbu, alisema Reverien. Na shaba.

"Hata ule mrututu wa bluu wanaopulizia kahawa, ni shaba ile ile. Tone tu linatosha. Lakini humu ndani mrututu utoke wapi?"

Mama Claudine alijua ulikotoka. Alipobaki peke yake aliichukua ndoo akaigeuza mwangani. Kwenye pindo la chini, pale ambapo majivu hayafiki, palikuwa na mstari wa bluu, mwembamba, wa misimu mingi ya kuchanganyia dawa. Na akaelewa na la pili, ambalo hakuna aliyemuuliza: ndoo ile na pampu za majirani zote, zilioshewa wapi kila msimu kama si kijitoni.

Roho ilimuuma sana. Angekuwa amevunja sahani, angemwambia Claudine, Claudine angemwambia mumewe, yangekwisha. Hili halikuwa la kupitisha kwa mtu. Naye kwa mdomo wake hakuweza kusema na mkwe. Akanyamaza siku moja, akanyamaza ya pili, na kila jioni alimwona yule mtu akipita mbele ya kioo bila kukitazama.

Asubuhi ya tatu alimwambia Claudine anakwenda hospitalini kwenye mazoezi, akapanda gari la Kibondo.

Duka la Niyonzima hakulihangaikia, kila mtu alilijua kwa kioo chake. Kilikuwa kwenye kaunta, kando ya cherehani, na uduvi wake walikuwa wengi hata usingejua uanzie wapi kutazama. Alijitambulisha, akasema wa Kasulu wamekufa, anaomba wachache. Niyonzima hakuuliza wamekufaje. Alitafuta chupa, akachota maji ya kioo na shina la mmea, akawatega kwa kipande cha kitenge. Huku akifanya hivyo alimsimulia kwamba Reverien alimletea kioo hiki alipofiwa na mke.

"Wengine walikuja na maneno, mama. Yeye alikuja na udongo kwenye mfuko, akaniambia tusubiri maji yakomae. Akawa anakuja kila mwezi kusubiri na mimi."

Njia nzima ya kurudi, tangu Busunzu mpaka Makere, Mama Claudine alikaa na chupa mapajani, ameipakata kwa kanga isipigwe na jua. Aliwaza jambo ambalo hakulipenda. Angefika nyumba ikiwa tupu, akawatia kwenye kioo, jioni mkwe akawakuta, akadhani kuna waliopona. Furaha ingerudi na hakuna ambaye angejua. Lilikuwa wazo tamu, na alilitafuna kwa muda mrefu.

Lakini nyumba haikuwa tupu. Kazi ya siku hiyo ilikuwa imeahirishwa, na Reverien alikuwa sebuleni. Alimpa mama mkwe mgongo upesi kama adabu ilivyotaka, ila kwa pembe ya jicho aliiona chupa na vilivyokuwa vikirukaruka ndani yake. Mama Claudine aliiweka juu ya meza, akarudi nyuma. Yule mtu aliinyakua kwa mikono miwili. Furaha ilikuwa imemjaa tele. Alifungua kizibo na kuinamisha chupa juu ya kioo.

Ndipo mama mkwe alipokumbuka: maji ya kioo yalikuwa yale yale yenye mrututu. Claudine alikuwa sokoni. Hapakuwa na wa kupitishia neno.

"Usiwatie humo, mukwe wanje."

Chupa ilibaki imeinama hewani. Alimwita mkwe wangu, kwa lugha ya kwao, na lilikuwa neno la kwanza aliloambiwa na mama mkwe tangu alipotoa mahari. Hakugeuka. Alisimamisha chupa polepole, akafunga kizibo.

Mama Claudine alivuta kiti akaketi mbele ya kioo. Alikazia macho mchanga ule mtupu, na kwa kuwa hakuweza kumwambia yeye, aliuambia mchanga. Alisema ndoo ni yake. Alisema aliogopa sabuni, akasahau mrututu. Alisema gundi haina kosa, udongo hauna kosa, na fundi hana kosa. Aliyewaua ni yeye, na ikiwa kijito kimekufa, mkono wake umo huko pia, pamoja na mikono ya wengine. Alisema alikwenda Kibondo ili afiche, wala si kwa wema.

Reverien alichuchumaa upande wa pili wa meza, pale pale alipozoea. Naye alikitazama kioo.

"Basi maji haya yote tumwage," alikiambia kioo. "Mchanga tuuoshe upya. Hawa wakae kwenye beseni la uani."

Alisema "tumwage", si "nimwage". Mama Claudine alilisikia hilo likimshuka mpaka gotini.

Waliuosha mchanga uani, kila mmoja na karai lake, wakipeana mgongo. Mama Claudine aliusuuza kama anavyosuuza maharage, akisikiliza kwa vidole. Udongo waliutupa mbali, mbali na maji yoyote, na ndoo ile Reverien aliitoboa matundu chini isije ikachota tena. Claudine aliporudi aliwakuta hivyo, akasimama mlangoni na mkoba begani.

Maji mapya yalichukua muda wake kukomaa, na safari hii walikuwa wawili wanaoyasubiri. Jioni waliketi pande mbili za kioo, wakizungumza na mimea. Mimea iliulizwa habari za goti, ikaulizwa bei ya kahawa, ikaambiwa mambo ya utotoni mwa Claudine ambayo Claudine angependa yasemwe kwa mtu mwingine kabisa. Uduvi wakaingia, wakaanza kuchuma.

Siku ya kuondoka, goti likiwa limepata nafuu, Mama Claudine aliinama karibu na kioo, mzigo wake ukiwa tayari mlangoni.

"Ninyi uduvi," alisema, "mwambieni baba yenu, akija Munanila asikae tena kwenye benchi. Aingie ndani."

Upande wa pili Reverien alisogeza sikio kwenye kioo, kana kwamba anawasikiliza.

"Wamesikia, mama. Wanauliza kama waje na nyumba yao."

"Waje nayo," alisema Mama Claudine. "Maji nitawakingia mimi, kwa sufuria mpya."