Shavu la Bwana Mabati

Ilitangulia harufu, bunduki ikafuata, na mwenye bunduki akaingia mwisho huku akitafuna.

Fundi aliyekuwa ameinama kwenye jiliwa, akibana chuma, aliinua pua kabla hajainua macho. Watu walimwita Kinyaa, na hawakumwonea. Kikombe alichokiosha mwenyewe alikisuuza tena kabla ya kunywea chai aliyoipika mwenyewe. Mtu wa namna hiyo angefaa kuuza marashi. Badala yake riziki ilimtupa kwenye karakana ya bunduki za wawindaji, ambako kila anayeingia ana damu ya kitu fulani chini ya kucha.

"Fundi wangu!" alipaza sauti mwenye bunduki. Alikuwa muuza mabati mkubwa, ndiyo maana akaitwa Bwana Mabati, ingawa hata bila biashara hiyo jina lingemfaa kwa jinsi uso wake ulivyong'aa kwa mafuta. Mkono mmoja ulishika bunduki, wa pili paja la kuku. "Safari hii ni nyati. Dume. Nimeshamwachia nafasi ukutani, kati ya pundamilia na saa."

Nyuma yake aliingia mkwe wa Kinyaa, mume wa bintiye wa pekee. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza wawindaji porini, na safari hii mteja wake ndiye huyu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo nini hii, umeniletea mzoga?"

"Nimekuletea mteja, baba. Mzoga tunaufuata kesho asubuhi."

Bwana Mabati alicheka mpaka kipande cha kuku kikaruka na kutua kwenye meza ya kazi, katikati ya bisibisi. Kinyaa alikitazama kama mtu anayetazama nyoka. Akakiondoa kwa koleo.

Bunduki yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Mti wake ulikuwa wa kupendeza, lakini kitako chote kilikuwa na magamba meusi ya damu kavu, na ndani ya magamba hayo manyoya mafupi yalisimama kama ndevu za siku mbili.

"Hapo usifute," Bwana Mabati alionya. "Hiyo ni damu ya kongoni wangu wa kwanza. Ina bahati."

"Ina bahati kwa inzi," alisema Kinyaa, akavaa glavu.

Kisha mteja akachomoa kutoka kwenye begi darubini yenye urefu wa mchi. Alitaka ifungwe juu ya bunduki leo hii. "Nataka nimwone nyati mpaka kope zake."

"Bosi, nyati hapigwi kutoka mlima wa pili. Anapigwa karibu, kando ya kichaka. Njoo hapa mlangoni." Kinyaa alimwelekeza ng'ambo ya barabara. "Weka jicho, umtazame yule fundi viatu. Unaona nini?"

Bwana Mabati alifumba jicho moja, akakunja na pua. "Naona nywele."

"Nywele za wapi?"

"Za kichwani." Akasita. "Au za kwapani?"

"Ni ndevu, bosi. Sasa na nyati itakuwa hivyohivyo. Utaona manyoya matupu, hutajua kama ni bega au ni tako."

Mkwe aligeukia ukuta ili acheke kwa heshima. Kinyaa akatoa kabatini darubini fupi, isiyokuza sana, yenye uwanja mpana wa kuona. Bwana Mabati alipochungulia alimwona fundi viatu mzima, na benchi lake, na paka aliyelala chini ya benchi.

"Nzuri. Lakini fupi," alinung'unika. "Watu watanicheka."

"Bosi," mkwe aliingilia, sauti yake imelainika kama ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa, "wawindaji wazito wote wanafunga fupi. Ndefu ni ya wanaoogopa kusogea."

"Nani anaogopa? Funga fupi!"

Kwa furaha akaikabidhi darubini, akiwa ameweka dole gumba lenye mafuta ya kuku katikati ya kioo. Alipoona alama akaifuta kwa pindo la shati, pindo lilelile alilokuwa amejifutia mdomo. Kinyaa alihisi chai ya asubuhi ikipanda kuuliza kuna nini huko juu.

Kilichomfanya avumilie ni vidole vya mkwe wake. Viwili vya mkono wa kushoto havikukunjika tena. Miaka iliyopita mteja mmoja alimpiga nyati vibaya, na nyati aliyejeruhiwa huwa haachwi porini. Mwongozaji ndiye anayemfuata ndani ya kichaka, mteja akibaki garini na kinywaji baridi. Mkwe alimfuata. Alirudi, lakini mkono haukurudi wote. Tangu siku hiyo, kila bunduki ya mteja wa mkwe wake, Kinyaa aliifunga darubini kwa mkono wake mwenyewe.

Basi akaifunga na hii. Alisafisha matundu ya skrubu kwa spiriti, yakatoa uchafu mweusi mithili ya lami. Akafunga vikalio vya kubeba darubini, akatia tone la gundi kwenye kila skrubu ili teke la bunduki lisizilegeze. Akalaza darubini ndani ya pete zake na kuweka pimamaji juu, msalaba wa kulengea ulio ndani ya kioo usije ukasimama kilevi. Mkwe aliaga, akaenda kujaza mafuta gari.

Ikabaki hatua ya mwisho. Mwenye bunduki hufumba macho, anaiegemeza begani, analaza shavu kwenye mti kama alivyozoea, kisha anafumbua. Akiona duara kamili, darubini iko mahali pake. Akiona kivuli pembeni, fundi anaisogeza mbele au nyuma, akiwa amesimama pua kwa pua na mteja.

Bwana Mabati alikuwa tayari amejisogeza. Shavu lilimeta. Pembeni mwa mdomo kulikuwa na kipande cha kitunguu, na kipande hicho kilikuwa kinatembea. Akabeua.

"Hapana haja, bosi," Kinyaa alisema haraka, akirudi nyuma. "Kanywe soda hapo nje. Namalizia."

Mteja alipotoka, Kinyaa alitandaza kitambaa safi juu ya ile damu ya bahati, akalaza shavu lake mwenyewe, akasogeza darubini mpaka akaona duara kamili, akakaza. Kisha akaenda uwanja wa shabaha, akapiga yeye, risasi zikabanana katikati ya karatasi. Kazi safi. Alinawa mpaka viwikoni, akamkabidhi mwenyewe bunduki yake.

Mchana binti alimletea chakula karakanani. Alikuwa msichana wa mzaha, wa kuchezea sharubu za baba yake tangu utotoni.

"Baba, leo umeshika uchafu gani? Mbona mikono imechujuka kama ya dobi?"

"Usiniulize nikiwa nakula."

"Basi tazama hii ucheke." Akamwonyesha picha kwenye simu. "Mume wangu kaituma sasa hivi, yuko nyumbani kwa yule bosi wa mabati. Eti anajipima sebuleni."

Bwana Mabati alisimama ameegemeza bunduki begani. Lakini shingo, jamani! Kumbe ndani ya ile kola kulikuwa na shingo ndefu iliyokunjwa, na akilenga huichomoa yote kama kobe anayeomba njia. Uso umetambaa juu ya mti wa bunduki mpaka nyusi zinakaribia kubusu darubini.

"Utadhani anachungulia tundu la ufunguo," binti alicheka. "Baba? Mbona hucheki?"

Kinyaa aliweka tonge chini. Bunduki ya nyati ina teke la punda. Kwa shingo ile, ukingo wa darubini utampasua Bwana Mabati juu ya jicho kwa risasi ya kwanza. Hilo peke yake lisingemnyima Kinyaa usingizi. Lakini atakayeguswa nyusi mara moja kwenye mazoezi, mara ya pili atafumba macho na kuvuta kifyatulio kwa woga, na risasi itakwenda inakotaka, tumboni au mguuni. Na anayeingia kichakani baada ya hapo ni mume wa huyu anayecheka hapa na simu mkononi.

Na ni kwa sababu ya kitunguu! Alijitazama mikono ile iliyonawa sana, na kwa mara ya kwanza maishani akaionea kinyaa.

"Mpigie mumeo," alisema akikusanya bisibisi. "Mwambie asiondoke pale mpaka nifike. Mwambie nimeharibu kazi."

Binti aliacha kucheka. Akapiga.

Sebule ya Bwana Mabati ilimpokea kwa harufu ya ngozi kuukuu na vidonge vya nondo. Vichwa vilijaa ukutani, vikimkodolea macho ya kioo yaliyoota vumbi. Pundamilia alikuwa amepukutika sikio. Swala mmoja alishonwa vibaya hata akabaki anatabasamu. Mezani palikuwa na kibakuli cha majivu kilichotengenezwa kwa kwato, na ndani ya kwato mtu alikuwa ametema kokwa za tende.

Mkwe alisimama karibu na mlango. "Baba, kuna nini?"

"Nimefunga kwa shavu langu. Sikumpima mwenyewe." Alisema wazi, bila kuzungukazunguka. "Nilimwonea kinyaa."

 Bila kujua, mkwe alishika kwa mkono wa kulia vile vidole viwili vya kushoto. "Haya, baba," alisema. "Yupo ndani. Anakula."

"Angekuwa anafanya nini kingine?"

Bwana Mabati alikuja akilamba vidole kimoja kimoja, kwa zamu, bila upendeleo. Alipoelezwa akaangua kicheko. "Kumbe, fundi! Uliniogopa?"

"Niliogopa kitunguu chako, bosi. Sasa simama hapa. Fumba macho. Lete shavu."

Shavu likaja. Kinyaa alilipokea kwa kiganja kitupu, maana glavu alizisahau. Lilikuwa la moto, laini, lenye unyevu, na lilitetemeka kama ini bichi. Akalilaza kwenye mti, juu ya damu ya kongoni, akasogeza uso wake mpaka pumzi ya mteja ikawa inamwingia puani yote, kitunguu, kuku, na kitu cha tatu ambacho hakutaka kukijua.

"Fumbua. Unaona nini?"

"Kivuli pande zote."

Alilegeza pete, akasukuma darubini mbele.

"Sasa?"

"Kidogo bado." Mate yalimdondokea Kinyaa kwenye sikio. Hakufuta. Akasukuma tena, kidogo mno.

"Hapo! Duara lote. Namwona swala mzima, na mabaki ya sikio la pundamilia."

"Usitikisike."

Akapima kwa pimamaji, akakaza skrubu kwa zamu, huku na huku, zisivutane. Kisha wakaenda wote watatu uwanja wa shabaha, kwa sababu darubini ikisogezwa risasi nazo huhama. Kinyaa alirekebisha mpaka zikarudi katikati. Halafu akampa Bwana Mabati apige mwenyewe, naye akasimama pembeni akiitazama ile nyusi kuliko alivyoitazama karatasi.

Bunduki ilinguruma. Shavu lilicheza wimbi zima, mpaka chini ya kidevu. Nyusi ilibaki nzima.

"Haikunigusa!" Bwana Mabati alipiga kelele.

"Piga tena," Kinyaa alisema. "Na tena. Mpaka uizoee."

Alirudi nyumbani akaoga, akabadili maji, akaoga tena. Siku zilizofuata alisubiri habari za porini. Binti alikuja kila jioni kukaa naye, wala hakumtania.

Siku waliporudi, gari lilisimama mbele ya karakana likiwa limezingirwa na inzi. Binti alikuwa wa kwanza kutoka karakanani kuwapokea. Mkwe alishuka akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, mkono wa kulia mzima, wa kushoto kama ulivyokuwa. Mkewe alimkumbatia na uvundo wake wote.

"Risasi moja, baba," mkwe alisema juu ya bega la mkewe. "Begani. Nyati hakukimbilia kichakani."

Kinyaa aliitikia kwa kichwa.

Nyuma ya gari alishuka Bwana Mabati, amepakwa damu mpya usoni kama mtoto aliyemaliza bakuli la jamu. Begani alibeba bunduki ya pili, chakavu kuliko ya kwanza, na mkononi alikuwa na nyama ya kuchoma iliyofungwa kwenye gazeti.

"Fundi wangu! Hii ni ya kaka yangu. Tumekuwa tukiazimana. Nayo ifunge darubini fupi, kwa shavu langu."

Akacheka. Kipande kikaruka, kikatua kwenye shati la Kinyaa, karibu na kola.

Kinyaa alikitazama. Akakiacha hapohapo. Akamtazama mkwe wake akiwa amemshika mkewe kwa vidole vitatu vinavyokunjika na viwili visivyokunjika. Akavuta stuli katikati ya karakana, akaipigapiga kwa kiganja.

"Kaa hapa, bosi. Fumba macho," alisema. "Lete shavu."